Kama mchujo unaondoka, twisheni ya darasa la tatu ni ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi, walimu wenzangu na viongozi wetu wa elimu. Tumewanyang'anya watoto wa shule za msingi muda wa kucheza, na pamoja nao nafasi ya kujiamulia hata jambo moja katika masomo yao. Linaloniuma zaidi ni kwamba tunazidi kukaza wakati huu ambapo sababu tuliyokuwa tukiitoa inaondoka.

Sababu yenyewe kila mtu anaijua: mtihani wa darasa la saba. Kwa miaka mingi nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache, mtihani ukawa chujio, na mzazi aliyemkazania mwanawe alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imebadilisha hesabu hiyo. Elimu ya lazima inakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027 na kuendelea kidato cha kwanza. Wataendelea kwa kuwa ni haki yao, bila kuhitaji kumwacha mwenzao nyuma. Hata Baraza la Mitihani liliacha, tangu Januari 2023, kutangaza shule bora na wanafunzi kumi bora kitaifa.

Pamoja na hayo, pita mtaani kabla jua halijachomoza. Utawakuta watoto wa miaka minane, tisa, mabegi yamewazidi ukubwa, wanawahi masomo ya ziada kabla ya kengele ya kwanza. Jioni kuna twisheni. Jumamosi kuna twisheni. Kuna mtihani wa wiki, mtihani wa mwezi, na mtihani wa ujirani mwema kati ya shule na shule. Mapumziko ya saa nne, ambayo ndiyo muda pekee mtoto alioachiwa wa kukimbia, yanaliwa na masahihisho au na foleni ya uji. Kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba iliyobandikwa ofisini, lakini mwalimu wa Hisabati au wa Kiingereza akikiomba anapewa bila mjadala. Na tukisema shule ina michezo, mara nyingi tunamaanisha UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi: waliochaguliwa wanakwenda mashindanoni, mamia waliobaki wanarudi kwenye madawati.

Wazazi wengi hudhani kucheza ni kuacha kusoma kwa muda ili kupumzika. Wakae siku moja chini ya mwembe watazame mdako.

Watoto wanachimba kishimo, wanatia vijiwe, tuseme 12. Mchezaji anarusha juu kijiwe chake, na kabla hakijatua anachota vijiwe kutoka shimoni, kisha anakidaka. Anarusha tena, na safari hii anarudisha shimoni vyote alivyochota isipokuwa kimoja, anakidaka tena. Hiyo ni raundi ya moja moja. Raundi ya pili anabakisha viwili viwili, ya tatu vitatu vitatu. Mpaka ya nne hesabu inakwenda sawa, kwa sababu 12 inagawanyika. Akifika raundi ya tano, anatoa vitano, anatoa vitano vingine, vinabaki viwili shimoni. Hapo ndipo zogo linapoanza. Hivyo viwili vinahesabiwaje? Vinachukuliwa kwa mpigo mmoja, au raundi imevunjika? Kila mtaa una kanuni yake, na watoto huibishania mpaka wakubaliane. Mtoto wa miaka minane amekutana na kugawanya kwa baki, ameliona kwa macho, amelishika kwa mkono, amelijengea hoja mbele ya wenzake, na akikosea kuhesabu anatoka mchezoni papo hapo. Mtoto huyo huyo, kesho yake darasani, tunamwandikia ubaoni 12 ÷ 5 kama jambo geni kabisa na tunamtaka akariri hatua.

Rede nayo ni hivyo hivyo: wawili wanarusha mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Katika bao la kete, kete 64 kwenye mashimo 32, mchezaji anapiga hesabu ya mtaji, yaani ya kula kete za mpinzani, kichwani kabla mkono haujagusa shimo. Haya yote yalikuwepo kabla ya semina yoyote ya mbinu shirikishi, na hayamgharimu mzazi hata shilingi.

Kwa wanaohofia kwamba mtoto akiachiwa nafasi atapotea, ushahidi upo hapa hapa nchini, tena kwa Kiswahili. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga vilishiriki katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lililoendeshwa kwa ushirikiano na Serikali, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000 walipewa tableti zenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Hapakuwa na mwalimu wa kuwaongoza hatua kwa hatua. Wengi wao, asilimia 74 kwa taarifa za mradi, hawakuwahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya timu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, na programu zote tano za fainali zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

Sitaki kutia chumvi. Nusu ya pili haikuvuka, na hiyo yatosha kutuonyesha kwamba mwalimu bado anahitajika sana. Wala siandiki kuomba tableti. Shule yenye choo kibovu ina mahitaji ya haraka kuliko hayo. Ninachokiona katika jambo la Tanga ni watoto. Mtoto wa Handeni au Muheza, ambaye hakuna aliyemtisha kwa mtihani, alikaa na kitu kigumu siku baada ya siku, akarudia alipotaka, akaruka alipochoka, akafika kwenye maneno. Hamu hiyo alikuwa nayo tayari. Hata wetu wa darasani wanayo wanapoingia elimu ya awali, na sisi tunafanya kazi kubwa kuizima kabla hawajafika darasa la nne.

Wapo watakaosema huu ni ufundishaji wa kizungu. Nawaomba wasome tena Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967. Mwalimu Nyerere hakutaka shamba la shule liwe mahali pa kuchosha watoto. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi, waone mahesabu, na waamue wenyewe mambo mengi, kwa mfano kama fedha walizozipata zikodi trekta au zitumike kwa hitaji jingine la shamba au la shule. Tulichofanya baadaye katika shule nyingi ni kuchukua jembe na kuacha uamuzi. Mtoto akalima, mkubwa akahesabu magunia, na kazi ya shamba ikageuka adhabu ya wachelewaji. Wazo lilikuwa zuri. Tulilikata kichwa tukabaki na kiwiliwili, kisha tukalilaumu kwa kutotembea. Nahofia mitaala mipya nayo, yenye somo zima la Sanaa na Michezo, itakwenda njia hiyo hiyo ikiwa somo hilo litafundishwa kwa kunakili ubaoni vifaa vya mchezo na faida zake.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, la walimu wenzangu: darasa lina watoto 90, nitawaachiaje wachague? Ni kweli, na Serikali haina budi kuajiri. Lakini tuulizane kwa unyofu, kwa watoto 90 tunafundisha nini sasa hivi? Tunaandika ubaoni, wananakili, tunasahihisha madaftari mpaka usiku, na walioelewa ni wale wale wa mstari wa mbele. Wingi huo ndio unaotaka makundi. Wagawe makundi tisa ya watoto kumi kumi na kila kundi lipewe tuta moja la bustani. Wachague wenyewe: mchicha, bamia au nyanya. Wapime tuta, wahesabu mashimo, waandike tarehe ya kupanda na ya kuota, waulize bibi na babu kwa nini nyanya zinanyauka, wauze, wagawane au waweke akiba. Mwalimu anapita kundi hadi kundi na kuuliza maswali. Humo kuna Hisabati, Sayansi na Kiswahili cha kuandika, na kuna watoto wa mstari wa nyuma ambao siku hiyo wana la kusema. Hapatakuwa kimya, hilo nalikubali. Basi na wakaguzi wanaofika shuleni waache kuuchukua ukimya kuwa kipimo cha darasa zuri.

Wazazi nao nawakumbusha jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi inaanza na chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na ndani ya orodha hiyo hiyo imo haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Hakuna mzazi anayejisifu barazani kwamba amemnyima mwanawe chakula apate kufaulu. Kumnyima mchezo tunajisifia, na majirani wanatuona tunajali.

Ninaloliomba ni dogo na linaweza kuanza muhula ujao bila bajeti mpya. Wizara na TAMISEMI watoe maelekezo ya wazi kwamba hakuna masomo ya ziada, ya kulipia wala ya bure, kwa madarasa ya awali hadi la nne. Kwa madarasa hayo wameshathubutu kwenye jambo gumu zaidi, walipoondoa huduma ya bweni mwaka 2023, kwa hiyo uwezo wa kuamua upo. Maofisa elimu kata wakifika shuleni waulize kipindi cha Sanaa na Michezo kimefundishwa wapi, uwanjani au ubaoni. Kamati za shule zisikubali uwanja umegwe kwa ajili ya fremu za maduka, maana ukishakwenda haurudi. Na kila shule itenge walau vipindi viwili kwa wiki ambapo watoto ndio wanaopendekeza cha kufanya: kutengeneza magari ya waya, kutunga ngonjera, kuchunguza sisimizi, kufinyanga, kucheza bao. Mwalimu awepo, asikilize, aandike alichokiona. Atajua mengi kuhusu wanafunzi wake ambayo karatasi ya maswali ya kuchagua A, B, C haijawahi kumwambia.

Mwaka 2027 madarasa mawili, la sita na la saba, yatamaliza shule ya msingi kwa pamoja. Kelele za maandalizi zitakuwa kubwa, na wauza twisheni watapita nyumba hadi nyumba wakiwatia wazazi hofu. Wizara isisubiri hadi hapo. Maelekezo hayo yatoke sasa, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za shule, na mzazi ajue ni nani wa kumpigia simu yakikiukwa.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Korogwe, Tanga