Mdogo wangu daktari, nilikukosea mbele za watu

Marahaba, mdogo wangu. Salamu zako mama kanifikishia, pamoja na habari kwamba bado umenuna. Nimeamua kukuandikia hapa ambapo kila mtu atasoma. Nilikukosea mbele za watu, na radhi ya chumbani haifuti aibu ya sebuleni.

Nianze na siku yenyewe, maana kila mtu nyumbani anaisimulia kwa namna yake. Kibibi, sungura wangu, alikuwa hajagusa majani tangu usiku. Alijikunyata kwenye kona ya kizimba, anasaga meno, na kwenye trei chini yake palikuwa na mavi machache, madogo kama pilipili manga, yameungana kwa nywele kama shanga. Wewe ndiyo kwanza umeshuka kwenye bajaji, begi hujaliingiza ndani, ukatoa chupa ya amoksilini ya maji. Nami nikapaza sauti mbele ya mama, wifi na mafundi wa bati: "Unataka kuniulia sungura? Huko chuoni mlifundishwa nini?"

Kuhusu dawa sirudi nyuma, na najua ulikwenda kusoma ukaona. Ng'ombe uliwatibu watatu ukiwa mwanafunzi, mbuzi hawahesabiki, sungura uliniambia mwenyewe mliwapitia juu juu. Amoksilini ya kumeza mbwa anapona nayo. Sungura chakula chake kinachachushwa na bakteria walioko kwenye kifuko kikubwa cha utumbo, na dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni zinafagia wale wema, wabaya wanapata nafasi ya kuzaana na kumwaga sumu. Anaharisha, anakufa. Mimi sikulisoma hilo popote. Mwaka wangu wa pili wa kufuga nilimpa dume langu la California dawa ya watu iliyobaki kabatini. Siku ya tatu nikamzika chini ya mpapai.

Sasa lile ambalo mashahidi wa siku ile hawalisimulii. Ulitoka nje umekunja uso, ukarudi na kipimajoto. Miaka kumi na moja nafuga, sijawahi kumpima sungura joto. Ukasoma 37.1, ukasema kwa sauti ya chini kwamba anatakiwa awe kati ya 38.5 na 40. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaloweka chakula chake, uji umo ndani ya bomba la sindano, nataka kumlisha kwa nguvu. Ukaniambia, "Dada, subiri. Huyu ni wa baridi, tumbo limelala. Apate joto kwanza." Ukampapasa tumbo taratibu ukitafuta kama kuna kilichoziba, maana utumbo ulioziba ukiusukuma kwa dawa unaweza kupasuka, na sungura hana njia ya kutapika. Kisha chupa ya maji ya moto ndani ya kanga, maji ya dripu yaliyopashwa yakaingia chini ya ngozi ya shingo, na sindano ya maumivu. Saa nne usiku akang'ata jani la mchunga. Nililisikia lile jani likikatika, nikaingia jikoni nikalia peke yangu.

Kwa hiyo siku ile mimi ningemuua kwa uji na wewe ungemuua kwa amoksilini. Nakiri tu jinsi ilivyokuwa.

Lakini kuna jambo la zamani zaidi ambalo hata mama halijui, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Kabla hujaingia chuo, kuna mtaalamu wa mifugo alikuwa akija hapa. Alijua kazi, ila alikuwa mkali. Mara ya kwanza nilipomwambia nimeanza kutibu mwenyewe alinigombeza kama mtoto wa shule: "Ninyi wafugaji mnajifanya madaktari, mkishaharibu ndiyo mnaniita." Nikanyamaza. Miezi michache baadaye jike moja likapata ukurutu wa masikio, magamba yamejaa ndani kama makoko ya ugali. Nikanunua ivermektini ya ng'ombe, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi. Kwenye chupa imeandikwa mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Jike lile lilikuwa na kilo mbili na nusu, yaani lilihitaji sehemu moja ya ishirini ya mililita, tone tu. Hesabu hiyo sikuifanya. Nilivuta nusu mililita kwa macho, nikadunga. Mara kumi ya kipimo cha kwenye chupa.

Kesho yake likawa linapepesuka. Nikamwita yule mtaalamu. Akauliza, "Umempa nini?" Nikajibu, "Sijampa kitu."

Basi akaanza kutafuta. Akatazama macho, akageuza kichwa huku na huku, akahisi ni ugonjwa wa ubongo, ule unaowapinda shingo, akaniandikia dawa ya kunywesha siku 28. Mtu wa watu alikuwa anafikiri kwa bidii juu ya ugonjwa ambao haukuwapo, na mimi nimesimama pale, kichupa kimo mfukoni mwa gauni. Jike lilipona lenyewe, kwa bahati. Ile dawa ya siku 28 sikuinunua, na yule mtaalamu hakujua kamwe.

Huko kituoni kwako watakuja wengi wenye kichupa mfukoni. Usiulize "umempa nini" kwa sauti ya polisi. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na mavi: jana yalikuwaje, leo yakoje, mangapi. Mfugaji wa sungura akiulizwa habari za mavi anafunguka kama kaulizwa habari za wajukuu, na dawa aliyompa itatoka yenyewe katikati ya maneno.

Alikuja mwingine baadaye, kijana kama wewe, wakati watoto wa sungura wa wiki sita na saba walipokuwa wananifia. Matumbo yamevimba, mgongo umekonda hadi uti unachoma vidole. Nilishatupa saba shimoni nikisema ni majani mabichi. Wa nane alimpasua palepale juu ya mfuko wa pumba, akaniita nitazame ini: lina madoa meupe, kama limenyunyiziwa unga. Koksidia, vimelea vya utumbo na ini. Kwa macho yangu nisingelijua hilo hata ningefuga miaka hamsini. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Wanaokufa wanakaa vizimba vipi?" Nikaleta daftari. Wote wanane walitoka safu ya chini, na hapo yeye na mimi tukainua macho pamoja kutazama trei ya juu iliyotoboka, inayodondosha mavi ya wakubwa kwenye vyakula vya wadogo. Dawa ya salfa kwenye maji alitoa yeye, vizimba nilimwagia maji yanayochemka mimi, trei akaziba fundi. Tangu hapo mavi yanazolewa kila asubuhi, kabla mayai ya koksidia hayajakomaa na kupata makali. Kijana yule sikumlipa sana, lakini kila Idi anapata sungura.

Nisikuchoshe. Nina shida, na safari hii nakuita kabla sijagusa kitu. Yule wa kijivu, binti wa Kibibi, kidevu chake kimelowa tangu Jumatatu, manyoya ya kifuani yamegandana kwa mate. Anakwenda kwenye chakula mbio, anaokota kijani, kisha anakiacha kidondoke. Meno ya mbele nimeyatazama, yamekutana vizuri. Nahisi ni magego yameota ncha zinazochoma ulimi, ila huko nyuma mimi sioni, mdomo wake haupiti hata kidole. Ile taa yako ya kutazamia masikio, nimesikia inafaa pia kuingizwa pembeni mwa mdomo. Ije nayo.

Nimempima kwenye mizani ya jikoni: Jumatatu kilo 2.3, leo asubuhi 2.1. Mavi yapo, yamepungua ukubwa. Anakunywa maji.

Na sijampa kitu. Safari hii ni kweli.

Dada yako