Karatasi haikumlea Nell: barua ya wazi kwa vijana mnaotengeneza vitabu vinavyoongea na watoto

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Poleni na kazi.

Mkiulizwa wazo mlilitoa wapi, wengi wenu mnataja riwaya moja: The Diamond Age ya Mmarekani Neal Stephenson, hadithi ya kitabu kinachoongea na kumlea mtoto aitwaye Nell, iliyotoka mwaka 1995 na kupata tuzo ya Hugo, ya riwaya za sayansi ya kubuni, mwaka uliofuata. Hamko peke yenu. Amazon walipokuwa wakiunda Kindle, kifaa cha kusomea vitabu kilichoingia sokoni mwaka 2007, jina la ndani la kazi hiyo lilikuwa Fiona, mmoja wa watoto wa riwaya ile. Watu wa One Laptop per Child, mradi wa kuwapa watoto kompyuta za bei nafuu, nao walipobuni programu ya kufundisha kusoma kwa njia ya hadithi, waliiita Nell. Kila fundi kachukua mtoto wake humo. Ninyi naona mmechukua karatasi: ile inayong'aa, inayosikia na kujichora yenyewe. Mtoto mmemwacha mlangoni.

Basi turudi kwa mtoto. Nell ana kama miaka minne. Anaishi kwenye mitaa ya makabwela pembeni ya Shanghai, katika zama ambazo mashine ya ukutani inaunda chakula na godoro kwa kupanga chembe moja moja, na masikini anapata bure. Bure hiyo haimfai kitu. Baba yake, kibaka, amekwisha kuhukumiwa kifo. Mama yake, Tequila, analeta nyumbani mwanamume huyu, kesho yule, na baadhi yao mkono wao ni mwepesi wa kupiga. Mwenye habari na Nell ni kaka yake Harv peke yake, ambaye mwenyewe ni mtoto. Harv na genge lake wanampora mhandisi mmoja njiani, na katika vitu vya wizi mna kitabu. Anampelekea mdogo wake.

Mhandisi huyo ni Hackworth. Bwana mkubwa wa jamii yake, Finkle-McGraw, alimwagiza atengeneze kitabu cha alifu kwa ujiti kwa ajili ya mjukuu wake, Elizabeth. Hackworth akaiba nakala ya pili kwa ajili ya binti yake, Fiona. Hiyo ndiyo iliyoporwa. Na angalieni mwagizaji alitaka nini: hakutaka mtoto mtiifu wala mwenye alama nzuri. Watoto wa aina hiyo jamii yake ilikuwa nao tele, na ndio waliomtia wasiwasi. Alitaka mtoto atakayeishi maisha yenye ladha, mwenye ukaidi kidogo. Andikeni hilo ukutani kabla hamjaandika mstari mmoja wa programu, maana programu nyingi za watoto ninazoziona zinampa mtoto nyota kila anapotii.

Kitabu kinafanyaje kazi? Hakianzi na a, e, i, o, u. Kinaanza kwa kutazama mtoto ana nini. Nell ana wanasesere wanne: Dinosaur, Duck, Peter Rabbit na Purple. Ukurasa wa kwanza tu, wanne hao wamo ndani ya hadithi pamoja na Harv, na yeye ni Binti Mfalme Nell aliyefungiwa katika ngome ya giza. Anapokutana na neno asilolijua anauliza, na Kitabu kinasimama, kinaeleza, kinaonyesha picha, kisha kinaendelea. Neno linakuja likifuata swali lake. Hapo ndipo wengi wenu mnapokosea: mnaweka orodha ya msamiati mwanzoni halafu hadithi. Geuzeni. Neno moja geni kwa ukurasa, lisimame mahali ambapo hadithi haiendi bila hilo, na maelezo yasizidi sentensi mbili. Mtoto asipoligusa, msimlazimishe. Lirudi baada ya kurasa tatu.

Kazi ngumu ya Kitabu ni namna kinavyoigusa nyumba. Mwanamume mkali aliyemo nyumbani anatokea hadithini kama Baron Burt. Kitabu hakimhutubii Nell kuhusu haki zake. Kinamletea panya mdogo aitwaye Dojo anayejua kupigana, na Binti Mfalme anajifunza kwake. Siku ya hatari inapofika, mwili wa mtoto unajua la kufanya, na watoto wawili wanatoroka. Kipimo chake ni hatua moja tu kutoka mlangoni kwao. Hadithi ikiwa karibu zaidi ya hapo, mtoto anaogopa na kukifunga Kitabu. Ikiwa mbali zaidi, hajioni. Nanyi hamna karatasi ya kusikia ugomvi wa chumba cha pili, wala msitamani kuwa nayo. Ulizeni kwa hadithi: "Usiku umeingia. Mlango unagongwa. Nani yuko nje?" Wekeni picha nne za kuchagua. Jibu libaki ndani ya kishikwambi chenyewe, lisisafiri kwenda kwenye seva ya mtu.

Baadaye Kitabu kinapandisha ngazi. Nell anafungwa katika ngome ya Turing, na njia pekee ya kuongea na mtawala wake ni mnyororo ambao viungo vyake vinabeba ujumbe. Kwa kujaribu na kukosea anagundua kwamba anayemjibu ni mashine, na tangu hapo kila ngome ni kompyuta ngumu kuliko iliyotangulia. Hakuna aliyemwambia kwamba anasoma hesabu. Ila anakwama, anakaa gizani, hadithi inamwacha ateseke. Programu zenu zinatoa jibu baada ya makosa mawili. Ongezeni subira: kosa la kwanza liwe na matokeo ya kuchekesha, la pili lilete dokezo kutoka kwa mhusika, la tatu limpe njia nyingine ya kupita ambayo ni ndefu zaidi. Jibu lenyewe msimpe.

Kuhusu njia, hesabu ndogo. Mkimpa mtoto chaguo tatu mara nne, na kila chaguo lizae tawi lake, mna miisho 81 na vipande 120 vya kuandika, kuchora na kurekodi. Hakuna kikundi cha watu watano kinachomaliza hiyo. Mnaishia njiani na matawi makavu. Yarudisheni matawi kwenye shina baada ya kila chaguo, vipande vitakuwa 12. Ili mtoto asione kuwa kadanganywa, tunzeni mambo matatu: amebeba nini, amemsaidia nani, amepoteza nini. Mkiyataja mbele, hata kwa nusu sentensi, ataamini kwamba njia ilikuwa yake.

Sasa sauti, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kile Kitabu, pamoja na uhodari wake wote, hakina sauti nzuri ya kwake. Kinakodi waigizaji wa mbali, wanaosoma maneno yanavyowajia. Anayemwangukia Nell ni Miranda, mwigizaji aliyeko Shanghai. Hajui mtoto anaitwa nani wala anaishi wapi, mfumo umeficha yote. Lakini kutokana na mistari anayopewa kusoma, anaanza kuhisi kwamba huyu mtoto anapigwa. Anaacha kazi nyingine ili awe yeye kila mara. Miaka inapita hivyo, usiku kwa usiku. Elizabeth alisomewa na sauti nyingi zilizobadilikabadilika, akaishia kuwakimbia watu wake. Fiona, alipopata nakala yake, alisomewa zaidi na baba yake aliyekuwa mbali, naye akaingia katika maigizo. Nell alipata mtu mmoja asiye ndugu yake, aliyeamua kumpenda. Kitabu kilikuwa kilekile kwa wote watatu.

Halafu kuna wa nne, ambao mnawasahau: mabinti robo milioni waliotupwa, waliookotwa huko China na kupewa nakala zenye sauti ya mashine, kwa sababu waigizaji wa idadi hiyo hawakuwapo. Walijifunza. Walijua mengi. Wakawa jeshi lenye nidhamu, wakitembea pamoja, wakimtafuta malkia wao. Kwangu hilo ndilo onyo kubwa la riwaya nzima, tena mwandishi amelipitisha kimyakimya.

Mtaniambia sauti ya mashine ni rahisi. Si rahisi kwa Kiswahili, mtaona. Ipeni sentensi yenye barabara mbili: gari limepita barabara, mtoto amejibu barabara. Ya kwanza mkazo uko kwenye silabi ya tatu, ya pili kwenye silabi ya pili. Mashine itazisoma sawa, na bibi wa mtoto aliyekaa pembeni atacheka. Ipeni ng'ombe, baada ya programu yenu kuila ile alama ya juu: itatamka ngombe, kama ngoma, na mtoto anayejifunza silabi atashika kosa. Kagueni mafaili yenu yote, tafuteni ng' na mhakikishe ni alama moja ileile kila mahali. Kisha kuna upatanisho wa kisarufi. Mtoto akimchagua gari lake la bati kuwa mhusika, kiolezo chenu kitaandika "gari likasema". Katika ngano zetu kitu kikishapata kinywa kimekuwa mtu: gari akasema, jiwe akanuna. Jambo dogo, lakini ndilo linalompa mwanasesere roho.

Tafuteni basi mtu mmoja. Gharama yake haitishi. Hadithi 40 za maneno 600 ni maneno 24,000. Kumsomea mtoto ni kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo mna dakika 240, yaani saa nne za sauti safi. Zidisheni mara tatu kwa kurudia na kunywa maji: saa 12. Gawanyeni asubuhi nne za saa tatu tatu, maana baada ya saa tatu koo linabadilika na mtoto anaijua sauti iliyochoka. Tundikeni mablanketi mazito pande tatu za chumba, zimeni feni na friji, jogoo wa jirani mvumilieni. Majina ya watoto rekodini 300 ya kawaida, kila moja mara mbili, la kuita na la kutaja. Mkiyachomeka katikati ya sentensi yatasikika kama kiraka, kwa hiyo jina liwe mwanzo, likifuatwa na pumziko: "Asha... umesikia hicho kishindo?"

Msidhani vifaa peke yake vinatosha, kwa kuwa nyumbani kwetu jambo hili limeshapimwa. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vya Google kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, programu zikiwa kwa Kiswahili na chaji ikitoka kwenye jua. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Ni kazi kubwa, nawavulia kofia. Lakini nusu nyingine ilibaki palepale, kishikwambi mkononi.

Nell naye hakuishia kitabuni. Harv alimbeba, huku kifua chake kikiharibiwa na vumbi la mashine lililojaa hewani. Konstebo Moore, mzee wa vita, alimpa chumba. Bi Matheson alimpa shule. Kwa hiyo kitabu chenu kiwe na mlango wa kutokea. Kila hadithi ya tano impe mtoto kazi isiyofanyika bila mtu: akamuulize mtu mzima wimbo, akamsomee mdogo wake ukurasa. Na pale mtoto anapochagua tena na tena picha ya mtu anayempiga, msimfundishe kutoroka usiku kama Nell. Yule hakuwa na pa kupiga simu. Tanzania na Kenya kuna namba 116 ya kuwasaidia watoto. Iwekeni kinywani mwa mhusika anayempenda, isomwe kwa sauti ileile, si kwa maandishi madogo chini ya ukurasa.

La mwisho ni la malipo. Nell alipokua alitambua kwamba nyuma ya karatasi kuna mtu, akamtafuta huyo Miranda mpaka chini ya bahari alikokuwa amepotelea, akamtoa. Wa kwenu nao watauliza. Jina la msomaji na picha yake viwe ukurasa wa kwanza, na mkataba wake uwe wa miaka, si wa zile asubuhi nne. Mwaka wa pili mtahitaji hadithi 20 za kuongeza, na mkimletea mtoto sauti nyingine atakifunga kitabu siku hiyohiyo.

Ndimi mzee wenu katika kazi hii.