Gesi Ikinuka Ndani ya Gari la Kambi: Tangi Linalovuja Linavyoshughulikiwa

Mteja anapotupigia simu akiwa Karatu, au Seronera ndani ya Hifadhi ya Serengeti, na kutueleza kwamba tangi la gesi la gari lake linavuja, swali letu la kwanza halihusu aina ya gari wala ukubwa wa tangi. Tunamuuliza watu wote wako wapi. Kama kuna aliyebaki ndani, hata kama amelala na hata kama nje mvua inanyesha, mazungumzo mengine husubiri mpaka atoke. Karakana yetu hapa Arusha hupokea magari ya kambi ya kila namna, kuanzia gari la kawaida la safari lenye hema juu na mtungi wa kilo 6 nyuma, hadi magari makubwa yenye jiko, friji na vitanda ambayo wasafiri huja nayo kutoka Ulaya, Marekani na Afrika Kusini. Yote yana jambo moja linalotusumbua: watu hulala hatua chache tu kutoka gesi ilipo.

Harufu ikisikika, zimeni kila mwali ulio karibu, yaani jiko, kipasha maji, friji inayotumia gesi na sigara, kisha tokeni wote na kuacha milango wazi. Mtu mmoja azungukie nje na kuifunga koki ya tangi. Swichi za taa zisiguswe, iwe kwa kuwasha au kwa kuzima, kwa sababu cheche inaweza kuruka kwa vyovyote vile, na feni isiwashwe kwa nia ya kuitoa gesi, kosa ambalo wengi hulifanya kwa nia njema kabisa. Gari lisipigwe stata. Simu ipigwe mbali na gari. Koki ikigoma kufunga, au mlio wa kupuliza ukiendelea kutoka kwenye tangi lenyewe, msishindane nalo: sogeeni kuelekea upepo unakotoka, wazuieni wengine wasikaribie, na pigeni 114 kuliita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mkiwa hifadhini, waarifuni pia askari wa hifadhi mara moja.

Sababu ya tahadhari zote hizi ni tabia ya gesi yenyewe. Gesi ya kupikia tunayonunua hapa nchini ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kwa takriban mara 1.5, butani kwa takriban mara 2. Kwa hiyo haipandi kutafuta dirisha, bali hutambaa sakafuni, hujaa chini ya kitanda, na huingia kwenye sanduku la betri. Lita moja ya propani iliyo kimiminika ikivuja huwa karibu lita 270 za mvuke, na mvuke huo ukifikia asilimia 2 tu ya hewa iliyomo, unatosha kushika moto. Ndiyo maana watengenezaji wa Ulaya hutoboa tundu chini ya kabati la mtungi, ili gesi inayovuja idondoke nje. Tumekwisha kukuta matundu hayo yameshindiliwa vitambaa ili kuzuia vumbi la barabara za hifadhi. Tunaelewa kero ya vumbi hilo, lakini tunawasihi wateja wetu wavitoe vitambaa hivyo leo hii. Vivyo hivyo, kigunduzi cha gesi kiwekwe karibu na sakafu. Kilichofungwa darini kama kile cha moshi kitachelewa mno kulia.

Baada ya hatari kupita ndipo uchunguzi unapoanza, na hapo mara nyingi tunagundua kwamba tangi halina kosa. Kinachovuja ni mpira uliochakaa kwa jua, oringi (pete ya mpira ya kuziba) iliyokauka kwenye koki, regyuleta ya zamani, au nati iliyolegea kwa mtikisiko. Anayeijua barabara ya kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, yenye mawimbi yanayotikisa hata meno, hatashangaa kusikia hivyo. Gari moja liliwahi kuletwa kwetu baada ya tangi kubadilishwa kwingine kwa gharama kubwa, na harufu ikabaki palepale. Tulipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo bila kuona kitu, mpaka tulipoingia uvunguni na tochi. Hapo, mahali ambapo bomba la shaba lilipita juu ya fremu ya gari, kibanio kilikuwa kimekatika, na bomba lilikuwa limesugua chuma mpaka likabaki jembamba kama karatasi. Povu dogo lenye ukubwa wa punje ya ulezi lilitokea, likakua taratibu, likapasuka, na jingine likaanza. Hilo ndilo lililokuwa likinuka kila usiku. Kipande kipya cha bomba, vibanio viwili na raba ya kukinga vilimaliza kazi.

Maji ya sabuni ni kipimo ambacho mteja anaweza kukifanya mwenyewe, nje, akiwa amezima kila kitu. Atumie sabuni ya kawaida ya vyombo isiyo na amonia wala klorini, kwa kuwa kemikali hizo hudhuru shaba, aipake kwa brashi na kutazama kwa utulivu, maana uvujaji mdogo hauonekani kwa jicho la haraka. Kiberiti kisitumike kamwe, ingawa wapo mafundi ambao bado wanakitumia. Kukaza nati mpaka mwisho wa nguvu nako hakufai, kwa sababu huharibu mdomo wa bomba na kugeuza tatizo dogo la kiungo kuwa tatizo la bomba zima.

Zipo pia hali zinazofanana na uvujaji ambazo sio uvujaji. Kwenye kambi zilizo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, usiku huwa wa baridi kali, na butani huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi sifuri. Asubuhi mwali wa jiko unakuwa dhaifu, na mwenye gari anaamini kwamba gesi imevuja usiku kucha. Mizani ndiyo yenye jibu: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, hivyo ukiupima na kutoa uzito huo utajua gesi iliyobaki. Harufu nayo huzidi mtungi unapokaribia kuisha, kwa kuwa dawa ya harufu inayochanganywa kwenye gesi hubakia kwa wingi chini. Hata hivyo, harufu hiyo isipuuzwe kabla ya kupima.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni ujazaji. Magari mengi kutoka Marekani huwa na tangi lililofungwa moja kwa moja kwenye fremu, na koki zake hazioani na mitungi yetu, kwa hiyo wasafiri hutafuta mtu wa kuwahamishia gesi kwa kuupindua mtungi juu chini na kuiacha imiminike kwa mpira. Tangi halipaswi kujazwa zaidi ya asilimia 80, kwa kuwa gesi iliyo kimiminika hutanuka kwa joto na huhitaji nafasi, lakini tangi lililofungwa garini haliwezi kupimwa kwa mizani, na anayehamisha gesi kwa namna hiyo mara nyingi hana njia ya kujua lini aache. Likijazwa asubuhi yenye ubaridi na kuanikwa juani adhuhuri, valvu ya usalama hufunguka na kutoa gesi kwa kishindo. Mteja huona tangi linavuja, kumbe valvu imelinusuru lisipasuke. Valvu hiyo isizibwe kwa namna yoyote. Kwa wageni wa aina hii, ushauri wetu ni kuliacha tangi la fremu likiwa tupu na limefungwa kwa muda wote watakaokuwa Afrika Mashariki, na kutumia mtungi wa hapa ukiwa na regyuleta yake, umesimamishwa wima ndani ya kabati lenye tundu la hewa chini. Tunaifanya kazi hiyo, na friji na jiko huendelea kufanya kazi ilimradi mgandamizo wa regyuleta ulingane na ule ulioandikwa kwenye vyombo. Vya Ulaya vingi ni milibari 30, na vya Marekani ni takriban milibari 28.

Ikithibitika kwamba tangi lenyewe ndilo limetoboka, iwe kwa kutu ya chini au kwa jiwe la barabarani, hatulichomelei wala hatulizibi kwa gundi, na tutamkatalia kwa heshima mteja atakayetuomba hivyo. Mtungi wa kampuni hurudishwa kwa wakala ukabadilishwe. Tangi la fremu hutolewa gesi mahali pa wazi, hufunguliwa, na halirudi kazini. Koki inayovuja, kwa upande wake, inaweza kubadilishwa baada ya tangi kumalizwa gesi kabisa.

Kila kazi ya gesi tunaimalizia kwa kipimo cha mgandamizo. Vyombo vyote vinazimwa, gesi inafunguliwa ijae kwenye mabomba, koki inafungwa, na geji inatazamwa kwa dakika 10 mteja akiwepo. Mshale ukishuka hata kidogo, gari halitoki.

Anayetuletea gari lililokuwa likinuka gesi tunamwomba aje mchana, koki ikiwa imefungwa, harufu imekwisha na madirisha yakiwa wazi, na atupigie simu kabla hajafika getini, ili tuzime mashine za kuchomelea na kumpokea kwenye uwanja wa nje.