Ile habari ya mizani

Sahibu yangu,

Assalamu alaikum. Voisi yako nimeiskiza mara tatu, ya mwisho nimekaa gatini nangoja boti ya Mokowe, nikaona heri nikuandikie manake nikirekodi hapa watu wana maskio. Unasema nimwendee tajiri nimuombe radhi nirudi kazini, yaishe. Ngoja, wewe umepata nusu.

Unajua miaka yote mimi ndo nashika daftari pale kwa tajiri, mnunuzi wa kamba wa baharini, mvuvi yuwaleta kamba, mizani yasoma, mimi naandika. Kaskazi hii ilipoingia maji yakawa meupe watu wakapiga mbizi hasa, na mimi kila nikimshika kamba mkononi alafu nikitizama namba, naona haviendani. Siku hakuna mtu nikatundika pakiti ya unga ya kilo 2 (wa ngano wallahi, sio ule mwengine). Ikasoma kilo 1 na gramu 700. Nikarudia, ile ile. Sasa piga hesabu, aliyeleta kilo 20 kaacha 3 hapo hapo na hajui.

Na mwandishi nani? Mkono wangu huu. Ndo kilichoninyima usingizi, si ushujaa, usije ukadhani. Surat Mutaffifin tumeisoma chuoni sote wawili tukichapwa, ole wao wapunjao, na sai imamu akiisoma naona kama naitwa jina.

Tajiri nilimwendea kwanza faragha, kwa adabu, akacheka, ati mizani imezeeka. Wiki 2 zikapita iko pale pale. Ndo nikawaambia wavuvi wenyewe kwenye kahawa, nikijua watafurahi. Loo! Wao ndo walonigeuka. Manake nyavu za tajiri, injini yake, mafuta ya alfajiri mkopo wake, na kusi ikivuma bahari haitokeki yeye ndo wa kuwakopesha mchele. Basi kawaambia neno moja tu, mwenye kulalamika alipe deni lake lote leo. Nani wa kulipa? Kwa hivo mbaya ni mimi. Mmoja tuliyekua naye mtaa mmoja akaniuliza mbele za watu, "hizo sala zako ndo zakufunza kutia watu njaa?"

Nikanyamaza. Maneno hayo nayajua yalikotoka, na yeye wala hajui kwamba anayajua! Nabii Shuaibu alipowaambia watu wa Madyan wajaze vipimo si ndo walivomjibu, sala zako zakuamrisha hayo? Iko Surat Hud. Mbele kidogo wakamwambia lau si jamaa zako tungekupiga mawe, na mimi nimeambiwa "kwa heshima ya marehemu babako tu". Sijifananishi na mitume, astaghfirullah, lakini nilicheka peke yangu kichochoroni mpaka punda akanishtuka.

Sai nikikaa barazani kila mtu akumbuka ana kazi mahali. Msema kweli mpenzi wa Mungu, sawa, ila hawakutwambia kwamba dukani hakopeshwi hata sukari. Mke wangu hasemi kitu, asubuhi anitilia chai ya rangi, basi, hayo ndo maneno yake.

Lakini linalonitisha sana si hilo. Nimeanza kuona raha kuonewa. Nasimama safu ya mbele moyo waniambia watizame waoga hawa nyuma yako, yani sala yenyewe ishapunjwa, na hapa hakuna wa kumsingizia mizani. Kwa hivo najilazimisha kuwasalimia wote hata asiyeitikia, na yule wa "sala zako" mwanawe alipougua nilienda kumtizama, tukazungumza homa tu.

Radhi siombi. Nikiomba nitarudi kwa daftari lile na kalamu ile, niandike nini? Kuna fundi wa majahazi Matondoni kakubali nikamsaidie kalafati, kuziba nyufa za mbao, pesa kidogo na mgongo wauma, lakini nalala.

Sasa nisaidie kitu. Ile mizani yako ya dukani ulosema huitumii, yenye muhuri wa watu wa vipimo, nitumie na basi la Jumamosi. Juzi baada ya isha wamenijia wavuvi wawili, mmoja kazima tochi kabla hajaingia, wataka kupima kwangu kabla hawajapeleka kwa tajiri. Ifunge vizuri kwa gunia na usiandike ni nini ndani.

Wasalimie nyumbani.