Kwa Hamisi, kabla hujapanda treni ya Aigues-Mortes

Nîmes, 20 Agosti

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na pole kwa masomo. Nimesoma kwamba utapata siku mbili huru katikati ya Septemba na unataka mji mdogo wenye historia, usiwe mbali na Montpellier. Nenda Aigues-Mortes. Jina ni la Kioksitani, maana yake maji yaliyokufa, yaani yaliyotuama bila kwenda popote. Litamke "Eg-Mort". Ukizitamka herufi zote, hata mkata tiketi hatajua unakwenda wapi.

Kwanza nikutoe kosa moja ambalo wageni wengi huondoka nalo. Utaambiwa ni mji wa Mfalme Louis wa 9, utaona ukuta wa mawe umeuzunguka mzima, nawe utahitimisha kwamba mfalme aliujenga ukuta ule kisha akapanda merikebu hapohapo chini yake. Siyo. Louis alikufa kabla jiwe la kwanza la ukuta halijawekwa. Na bahari, hata wakati wake, ilikuwa mbali kwa mwendo wa kilomita kadhaa. Merikebu kubwa zilitia nanga nje, na watu, farasi na vyakula vilipelekwa kwa vyombo vidogo kupitia wangwa na mifereji iliyochimbwa.

Basi kwa nini mfalme aje kujenga kwenye tope na mbu? Kwa sababu hakuwa na pengine. Miaka ya 1240 mfalme wa Ufaransa hakuwa na bandari yake mwenyewe kwenye Mediterania. Marseille ilikuwa ya Provence, nje ya ufalme. Montpellier, huko unakoishi, ilikuwa chini ya mfalme wa Aragon. Kipande hiki cha pwani kilikuwa mali ya watawa wa Psalmody, nao wakabadilishana naye ardhi. Kuvuta watu waje kuishi pale haikuwa rahisi, kwa hiyo mwaka 1246 aliwapa wakazi hati ya kuwasamehe kodi kadhaa. Tarehe 25 Agosti 1248 akaondoka kwenda Vita vya Msalaba, na mwaka 1250 alitekwa Misri hadi akalipiwa fidia. Mwaka 1270 aliondoka tena hapohapo, safari hii kwenda Tunis, na tarehe 25 Agosti akafia karibu na Carthage, kambi yake ikiwa imevamiwa na tumbo la kuhara. Safari zote mbili, ukiziangalia, zilimfikisha Afrika na zote mbili zilimshinda.

Ukuta ni kazi ya mwanawe, Philippe wa 3. Mwaka 1272 alifunga mkataba na Guglielmo Boccanegra, tajiri wa Genoa, ambaye alitoa fedha zake ili apewe sehemu ya mapato ya bandari. Boccanegra akafariki mwaka 1274, kazi ikasimama, na ni Philippe wa 4 aliyeimaliza, mwanzoni mwa karne ya 14 hivi. Matokeo yake ni mzunguko wa mita 1,634 wenye malango 10, na mtu anaweza kuuzunguka wote juu kwa juu bila kushuka. Ngome chache sana za umri ule zimebaki hivi, na sababu yake ni umaskini. Mifereji ilikuwa ikijaa mchanga kila mwaka na kuizibua kulikula fedha. Provence ilipoingia mikononi mwa mfalme mwaka 1481 akapata Marseille, bandari yenye maji ya kina, na Aigues-Mortes ikawa haina tena wa kuihangaikia. Miji iliyotajirika ilibomoa kuta zake ili ipanuke. Huu haukuwa na sababu ya kupanuka.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Montpellier panda treni hadi Nîmes, kisha ubadilishe uchukue ya kwenda Le Grau-du-Roi, ushukie Aigues-Mortes. Kutoka Nîmes ni dakika 40 na kitu. Angalia ratiba ya kurudi kabla hujatoka, maana treni za reli hii ndogo si nyingi, na ukikosa moja unaweza kukaa sana. Stesheni iko nje ya ukuta upande wa kaskazini, na kwa miguu ni dakika tano hadi lango la Gardette, ambalo ndilo lango kuu.

Ukishaingia, geuka kulia hadi uwanja wa Anatole-France. Pale kuna nyumba ya zamani ya gavana, na ndipo tiketi zinapouzwa. Tiketi moja inakupa mnara na ukuta. Wewe una miaka 24 na kibali cha kuishi Ufaransa, kwa hiyo huna haja ya kulipa: wakazi halali wenye miaka 18 hadi 25 huingia bure hata kama si raia wa Ulaya. Lakini sharti uonyeshe kadi yenyewe ya kibali. Kitambulisho cha chuo peke yake hakitoshi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Wikiendi ya tatu ya Septemba ni Siku za Urithi za Ulaya na wengi huingia bure, ila foleni yake utaijutia. Bora Ijumaa. Tena kuanzia Septemba wanafunga mapema kuliko Agosti, na mgeni wa mwisho huruhusiwa muda mrefu kabla ya kufunga, kwa hiyo usiache ukuta uwe kitu cha mwisho cha siku.

Anzia mnara wa Constance. Huu ndio wa Louis mwenyewe, ulianza kujengwa miaka ya 1240 mwanzoni. Upana wake ni kama mita 22, na kuta zake chini zina unene wa mita 6. Ukisimama mlangoni utaona kwamba mlango ni kama njia ya chini kwa chini. Juu kabisa kuna kizimba cha chuma kilichowekwa taa ya kuongoza vyombo. Ukumbi wa chini una dari ya matao na tanuri la mikate, na katikati ya dari kuna tundu la duara linalofungukia ukumbi wa juu. Vyakula na silaha vilivutwa kwa kamba kupitia hapo.

Tundu hilo ndilo lenye sehemu nzito kuliko zote za mji huu. Baada ya Louis wa 14 kuifuta mwaka 1685 Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, Uprotestanti ukapigwa marufuku, na mnara ukawa gereza. Mwaka 1705 Abraham Mazel, mmoja wa wapiganaji wa Kiprotestanti wa milima ya Cévennes, alichokonoa jiwe la dirisha la kurushia mishale, akashuka kwa shuka zilizofungwa pamoja, na wenzake 16 wakamfuata. Baadaye mnara ukawa hasa wa wanawake. Marie Durand aliletwa mwaka 1730 akiwa na miaka 19. Kosa lake lilikuwa kaka yake, Pierre, mchungaji wa siri, ambaye alinyongwa Montpellier mwaka 1732. Marie angetoka siku yoyote kama angekubali kuikana dini yake. Alitoka mwaka 1768, baada ya miaka 38. Kwenye ukingo wa tundu la ukumbi wa juu kumechongwa neno REGISTER, ambalo kwa lafudhi ya kwao ni résister, "kaidi, kataa". Wengi humhusisha yeye na maandishi hayo. Yako chini ya kioo na yamefifia. Inama upande mmoja mwanga uyapige kwa mshazari, la sivyo utapita bila kuyaona.

Kuzunguka ukuta kunachukua saa moja, au moja na nusu kama unasimamasimama. Hakuna kivuli hata kidogo. Beba maji, na kofia yenye kamba, kwa sababu mistral, ule upepo mkavu wa kaskazini, hauna adabu na kofia. Ngazi ni za mawe yaliyolika, viatu vya soli laini vinateleza. Upande wa kusini ndio wenye malango mengi na majina yanayojieleza: la Galions, la Marine, la Moulins ambako vinu vya upepo vilisagia nafaka, na la Organeau, lililopewa jina la pete kubwa ya chuma ya kufungia vyombo. Kwenye pembe ya kusini-magharibi kuna mnara wa Waburgundi, yaani wafuasi wa mtawala wa Burgundy, waliokuwa wameushika mji. Mwaka 1421, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapinzani wao waliingia usiku wakawachinja, na inasimuliwa kwamba maiti zilirundikwa mnarani kwa tabaka, maiti na chumvi, maiti na chumvi, zisioze na kuleta maradhi. Ichukue kama simulizi. Lakini ni simulizi ambayo ingezaliwa tu kwenye mji wenye chumvi ya kumwaga.

Na chumvi hiyo utaiona ukiwa juu ya ukuta huohuo wa kusini: majaruba ya rangi ya waridi hadi upeo wa macho, na milima myeupe nyuma yake. Usipige picha adhuhuri, jua liko usoni mwako, subiri alasiri. Wewe mtoto wa Bagamoyo hutahitaji kuelezwa majaruba ni nini, ila vipimo vya hapa ni vingine, na mvua yao inakuja wakati mbaya. Kuanzia majira ya machipuko wanavuta kwa pampu maji ya bahari, yenye gramu 35 hadi 40 za chumvi katika lita, wanayapitisha bwawa hadi bwawa, jua na upepo vikiyapunguza. Kwanza hujitenga chokaa na jasi, nazo hutakiwa zibaki kwenye mabwawa ya mwanzo. Maji yakifika gramu kama 260 kwa lita, yanaingizwa kwenye majaruba ya mwisho na chumvi ya kula inaanza kuganda sakafuni, mpaka tabaka lifikie upana wa kiganja. Kabla ya kuvuna ni lazima maji yaliyobaki yaondolewe. Yana magnesiamu, na ukiyaacha chumvi inakuwa chungu na inavuta unyevu ghalani. Mavuno ni mwisho wa Agosti na Septemba, haraka, kwa mashine, kwani mvua kubwa moja ya Septemba inaweza kuyeyusha kilichochukua miezi.

Ile wanayoiita fleur de sel, ua la chumvi, ni nyingine. Ni ukoko mwembamba unaoelea juu ya maji siku za joto na upepo mdogo. Mistral ikivuma ukoko unavunjika na kuzama, basi siku hiyo hakuna. Ukinunua, nyunyiza juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Kuitia kwenye sufuria ya wali ni kutupa fedha, chumvi yoyote ingefanya kazi ileile.

Rangi ya waridi inatokana na mwani mdogo uitwao Dunaliella salina, unaotengeneza karotini kujikinga na jua kali na chumvi nyingi. Kamba wadogo aina ya Artemia wanaula mwani, heroe wanawala kamba, na manyoya yanageuka waridi. Kwetu Ziwa Natron heroe wengi ni wale wadogo, na wao wanakula mwani moja kwa moja. Wa hapa ni wale wakubwa. Kuingia kwenye mashamba ya chumvi ni kwa ziara tu, kwa gari-treni, baiskeli au miguu. Chukua ya jioni kama ipo, na jipake dawa ya mbu kabla ya kutoka, siyo baada.

Kuna jambo moja ambalo huenda waongozaji wasiligusie. Kazi ya kuvuna zamani ilikuwa ya mikono na mikokoteni, na kampuni ya chumvi ilikodi vibarua wa msimu, Wafaransa na Waitalia, waliolipwa kwa kiasi walichobeba. Tarehe 16 na 17 Agosti 1893 ugomvi kati yao uligeuka kuwa msako wa Waitalia, mashambani na mpaka mitaani mwa mji. Hesabu rasmi ilikuwa watu 8 waliouawa; magazeti ya Italia yaliandika idadi kubwa mno kuliko hiyo. Washtakiwa walihukumiwa Angoulême mwishoni mwa mwaka huohuo, na wote wakaachiwa. Unapopita lango la Gardette kumbuka kwamba barabara hiyo ilikuwa na watu wanaokimbia.

Ndani ya mji mitaa imenyooka na kukatana, huwezi kupotea. Kwenye uwanja wa Saint-Louis kuna sanamu ya Louis wa 9, kazi ya James Pradier ya mwaka 1849. Mazingira yake ni mikahawa ya watalii, kula mtaa wa pili. Kanisa la Notre-Dame-des-Sablons liko hatua chache kutoka hapo. Ni la tangu karne ya 13, halina mapambo mengi, na vioo vyake vya rangi ni vya Claude Viallat, vya mwaka 1991. Wapo wanaovichukia. Ingia asubuhi uone rangi zinavyoanguka sakafuni, kisha uamue.

Ukipata baiskeli, nenda hadi mnara wa Carbonnière, kilomita tatu hivi kaskazini, katikati ya matete. Ulijengwa kulinda njia pekee ya nchi kavu, na barabara ilipita katikati yake, kwa hiyo kila mtu alilipa ushuru. Kupanda ni bure. Ukiwa juu ndipo utaelewa kwa nini waliuita mji maji yaliyokufa.

Kabla ya treni nunua fougasse, mkate mtamu laini wenye siagi, sukari na maji ya maua ya michungwa. Uchukue uliookwa siku hiyohiyo. Wa jana unakauka kama sifongo. Niletee nusu, nitakungoja stesheni ya Nîmes. Niandikie tu treni utakayorudi nayo.

Nduguyo,
Zuberi