Mtoto alindwe pale alipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee watoto wanaotoka Newala, Tandahimba na Nanyumbu kuja Mtwara Mjini. Wengine wamepanga vyumba wasome, wengine wameletwa kwa shangazi, na shule ikageuka kuuza maandazi.

Mtaani kwetu yupo binti wa namna hiyo. Mkono umeungua kwa mafuta, kidonda kimefungwa kipande cha kanga. Jirani alipokwenda kutoa taarifa aliulizwa kwao ni wapi, kisha akaambiwa shauri lipelekwe Tandahimba. Nauli atoe nani? Na huyo binti alale wapi usiku ule?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake. Haiulizi alizaliwa wapi. Halmashauri ya kwao ishirikishwe, wazazi watafutwe, lakini hayo yafanyike mtoto akiwa tayari yuko salama.

Nawaomba wenyeviti wa mitaa wawaorodheshe watoto wasioishi na wazazi wao, na afisa ustawi wa jamii awafikie. Majirani nasi, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo.

Mkazi wa Mtwara Mjini