Wenye bucha wa Malindi, hebu wekeni shoka chini kwanza

Mhariri,

Salaam nyingi. Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nisemezane na wenye bucha wa hapa Malindi, na pia na hawa vijana wenzangu ambao siku hizi kila mmoja amepata pipa la mafuta, amempelekea fundi wa kuchomelea akalitia mlango na bomba, halafu jumamosi anaalika watu nyama ya moshi, yaani ile inayoiva polepole masaa mengi ndani ya pipa kwa moto wa mbali. Lawama yangu kubwa ni kwamba nyama inakatwa kabla hujasema unaenda kuifanyia nini. Unafika dirishani, unasema kilo nne za ng'ombe, hujavuta pumzi ushasikia shoka kwa gogo pa pa pa, unapewa mfuko wa vipande vya mchuzi na chembe za mfupa ndani. Kwa pilau sina neno, kwa mchuzi wa nazi sina neno. Kwa moshi hapo hakuna kitu tena, chukua ukakaange.

Wengi wanadhani kipande cha moshi unakichagua kwa kilo. Kilo ni za kulipia tu. Kwenye pipa kinachoamua ni unene. Joto linaingia nyama kutoka nje likielekea katikati, kwa hivo kipande cha kilo nne kilicholala bapa na kipande cha kilo nne kilichojikunja duara si kitu kimoja hata kama mizani yasema sawa, na ukizidisha unene mara mbili muda hauzidi mara mbili tu, unapita hapo. Ndo maana pia ukiweka vidari viwili vya kilo tatu tatu pamoja usihesabu masaa ya kilo sita, hesabu masaa ya kimoja, mradi vimeachana na moto wako unatosha. Hili watu wengi hawalijui, mtu anajumlisha kilo zote anaamka alfajiri kuwasha moto bure.

Sasa hawa vijana wanafuata video za Marekani, na mimi sina ubaya na video, nami nazitizama, lakini zile hesabu ni za kwao. Kule Texas mtu anatoa kidari kizima cha ratili 12 hadi 14, yaani kilo tano na nusu kwenda sita na kitu, kimekaa mafuta juu na mafuta katikati, ng'ombe mwenyewe ameshindiliwa mahindi miezi kadhaa. Halafu anasema weka moto 225. Jamani hiyo 225 ni Farenhaiti! Kwa Selsiasi ni kama 107. Kijana akiipeleka kwa kipimajoto chake cha Selsiasi mpaka 225 atatoa mkaa, na ataanza kulaumu ng'ombe.

Ng'ombe wetu wengi hapa wanashuka kutoka Tana River na pande za Galana, ni zebu wadogo, hawa wenye nundu, na Boran ambaye naye ni zebu ila mkubwa zaidi, wametembea jua zima wanatafuta nyasi. Nyama yao tamu, wallahi siibadilishi na yoyote, lakini ni kavu haina yale mafuta ya ndani kwa ndani, na mwili wenyewe mdogo, zebu wa kawaida ukimchinja hupati hata nusu ya uzito wa ng'ombe wa Marekani. Kidari chake cha upande mmoja ukitoa mfupa mara nyingi kinacheza kilo tatu kwenda nne, Boran aliyenenepa ndo atazidi kidogo, na kiangazi kikikaza ni chini ya hapo. Kwa hivo ukienda bucha na hesabu ya kilo sita kipande kimoja, utaunganishiwa vitu viwili tofauti uambiwe ndo hicho.

Mimi ushauri wangu kwa mtu wa hapa: chukua kidari kizima kama kilivyo, kilo tatu hadi nne, kisikatwe katikati, mafuta ya juu yasitolewe pale bucha. Utayapunguza mwenyewe nyumbani ubakishe kama nusu sentimita, maana zaidi ya hapo hayayeyuki yote na chini ya hapo nyama inakauka. Shika kwa mkono uone upande mwembamba. Kidari kina upande mnene wenye mafuta na upande bapa, na ule mwisho wa bapa ukiwa mwembamba kama kidole utaungua kabla katikati hakujaiva, kwa hivo ukate huo ncha uweke kwa mishkaki au kima ya sambusa, hupotezi kitu. Kinachobaki kiwe na unene unaolingana kiasi. Na ukikiinua katikati kikainama chenyewe pande zote mbili, hicho kizuri. Kikikaa kama ubao, mwachie.

Kipande kidogo cha nusu kilo, hata kilo moja, usikitie kwa pipa masaa mengi, narudia usikitie. Kidari kigumu kwa sababu ya zile kano na utando, kolajeni, na hiyo haianzi kulegea sawasawa mpaka ndani kufike joto la 70 na kitu Selsiasi, halafu inataka ikae hapo muda mrefu, ndo watu wanatoa ikifika 93 au 95. Kipande kidogo kitafika hizo digrii haraka sana, kolajeni haijapata muda wake na maji yashaisha, unatafuna mpaka taya linauma. Kama pesa ni ya kilo moja na nusu tu, omba bega, lina utando mwingi na umbo lake ni la mviringo kidogo kwa hivo linavumilia, au omba mbavu nene tatu nne zikiwa bado zimeshikana, zikatwe kwa msumeno sio shoka. Sarara na steki ya paja ziache kabisa. Hizo hazina cha kuyeyuka, zinataka moto mkali na muda mfupi, na watu wetu nyama nyekundu ndani hawaili, kwa hivo utalazimika kuikausha tu.

Halafu kuna nundu. Hapa ndo nataka kugombana na watu. Tunahangaika na kidari cha Texas na sisi ng'ombe wetu wana nundu mgongoni, kitu ambacho ng'ombe wao wengi hawana! Nundu ndo nyama ya zebu yenye mafuta yaliyoingia ndani ya nyuzi, na umbo lake ni nene limejikusanya, ni kama liliumbwa kwa pipa. Wabrazil wana zebu wengi waliotoka asili ya India, na nundu kwao wanaiita cupim, wanaioka polepole masaa mengi kwa moto wa mbali na ni nyama ya heshima kwenye machomo yao. Hapa nundu nzuri unaikosa kwa sababu mwenye bucha ameshamuwekea mteja wake wa siku zote, au imekatwakatwa ikachanganywa na kilo za watu wengine kama mafuta ya nyongeza. Ukipata ya kilo mbili kwenda mbili na nusu nzima, we chukua, kidari mwachie jirani. Inakwenda taratibu vile vile, mpaka kijiti cha mshkaki kinaingia bila kusukuma.

Pipa nalo lina neno lake. Pipa la lita 200 upana wake ndani ni kama sentimita 57, na fundi akishatia wavu unabakiwa na chini ya hapo, na moto umekaa upande mmoja. Nyama isiguse ukuta wa pipa, acha nafasi ya kiganja kila upande moshi upite, na ule upande mnene wenye mafuta ndo uelekee moto. Ukilazimisha kipande kikubwa kimejaa wavu mzima, upande mmoja unaungua mwengine unalala. Na pipa lenyewe, tafadhali, liwe lilibeba mafuta ya kupikia, sio ya dawa wala rangi, na lichomwe moto mkubwa likiwa tupu kabla ya chakula kuingia.

Kuhusu masaa. Kidari chetu cha kilo tatu na nusu hivi, moto wa 110 hadi 120, kitakupeleka masaa saba, nane, mara nyengine tisa, na lazima kipumzike kama saa moja kimefungwa kabla ya kisu. Ukitaka watu wale saa mbili usiku, moto uwe umewaka kabla ya saa nne asubuhi. Katikati hapo kipimajoto kitafika 65 au 70 kitasimama, saa nzima hata masaa mawili hakisongi, na hapa ndo vijana wanaongeza kuni kwa hasira. Haijaharibika. Nyama inatoa maji juu na yale maji yakikauka yanaipoza, kazi ile ile ya mtungi wa maji kivulini. Subiri, au ifunge kwa foili ikiwa ishapata rangi unayoitaka. Ukishaongeza moto pale, nje inakuwa gamba na ndani bado.

Na ukihesabu wageni usihesabu kilo za bucha. Ukitoa mafuta uliyokata na maji yaliyokwenda na moshi, kilo nne zinakuachia kama mbili na kitu hivi za sahani, basi hao ni watu kumi wakiwa na wali na kachumbari, na kama ni mabaharia punguza. Siku ya kukata, kata ukikatisha nyuzi, sio kufuata nyuzi.

Jambo jengine ambalo wenye bucha watanikasirikia. Ng'ombe wetu anachinjwa alfajiri, kufika saa nne asubuhi yuko mezani amekwisha. Ile nyama bado ina ukakamavu wa mauti, ni ngumu, na kwa mchuzi wa dakika arubaini utavumilia lakini kwa kipande kizima inaonekana. Kinunue kizima kikiwa na muhuri wa mkaguzi, kipeleke friji chini kabisa siku mbili tatu kikiwa hakijafungwa sana na plastiki, ndo ukitie chumvi. Usikianike jikoni kwa joto letu hili la Malindi ukisema kinapumzika, nyama mbichi haitaki kukaa nje masaa. Na ukitoa mifupa ukaikunja ukaifunga kamba, ujue ule uchafu wa nje umeuingiza ndani, kwa hivo hiyo hakikisha imeiva mpaka katikati.

Kuni sitasema mengi, mwembe mkavu na mvinje vyatosha, na vifuu vya nazi vikiwa mkaa vinashika moto vizuri. Mikoko tuiache baharini. Mwarobaini uchungu, na ukiona moshi mweupe mzito unafuka jua bado moto haujakaa sawa, usiweke nyama.

Idi ya kuchinja inakuja kila mwaka na ndo nafasi pekee wengi wetu tuna ng'ombe mzima mbele yetu, basi mwambie mchinjaji mapema kabla ya kugawa, kidari na nundu visipigwe shoka.

Ombi langu kwa wenye bucha ni dogo. Nunueni msumeno, hata wa mkono, na mteja akifika muulizeni kwanza, ya mchuzi au ya nini? Akisema ya moshi mpimieni kizima, bei iwe ile ile ya steki kama hakina mfupa, hatukatai kulipa. Na kama kuna bucha kuanzia Mambrui mpaka Watamu ambayo tayari inakubali oda ya kidari kizima au nundu usiku kwa asubuhi, Mhariri naomba uwape nafasi waandike hapa hapa waseme wako wapi, maana mimi ijumaa nataka mbili.

Mwenye pipa,
Barani, Malindi